Turok ni gemu ya masikio

Nikiulizwa gemu gani ya bunduki sitaichoka, nataja Turok, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1997. Hapa Malindi ukitaja gemu watu wanafikiria mpira. Ingia chumba chochote cha PS, uwe Barani au Maweni, skrini zote ni mpira na vijana wamepanga foleni kwenye benchi wakingoja zamu. Sina neno na mpira. Mimi nataka msitu, upinde, na mnyama mkubwa anayenitafuta.

Kwa asiyeijua: katika Turok humwoni mtu unayemwendesha. Unaona mkono wake tu, umeshika kisu, upinde au bunduki, na mbele yako kuna dunia kama macho yake yanavyoiona. Mtu huyo ni Tal'Set, shujaa wa makabila asilia ya Amerika, ambaye ukoo wake umepewa kazi ya kulinda mpaka kati ya dunia yetu na Lost Land, nchi ambamo zama zote zimechanganyika. Ndiyo maana humo ndani dinosauri na mitambo ya kivita vinakaa pamoja. Yuko adui aitwaye Campaigner, anayetafuta silaha ya kale iliyovunjika vipande vinane, na wewe unavitafuta vipande hivyo kabla hajavipata. Hadithi ndiyo hiyo, na sidhani yupo anayeipenda Turok kwa sababu ya hadithi. Jina lenyewe ni la zamani: Turok alianza kwenye vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1954. Gemu ilitengenezwa na studio ya Iguana Entertainment kule Texas, ikachapishwa na Acclaim, ikatoka kwa ajili ya mashine ya gemu ya Nintendo 64.

Ilivyofika kwetu ni hivi. Mama alikuwa mpishi kwa familia moja ya Kitaliano upande wa Casuarina. Walipouza nyumba na kurudi kwao walimwachia masufuria, feni, na katoni ya vitu vya watoto wao. Humo kwenye katoni mlikuwa na Nintendo 64, pedi moja ya kijivu yenye vishikio vitatu, na kaseti mbili. Moja ilikuwa ya mbio za magari, ya pili Turok. Italia na Kenya zilikuwa zinatumia mfumo mmoja wa televisheni, PAL, kwa hiyo mashine ile iliikubali tivii yetu ya kichogo bila matata yoyote. Ingekuwa imetoka Marekani tungepata picha isiyo na rangi, inayopanda na kushuka. Kaka yangu alitafuta adapta ya plagi, tukawasha.

Kilichokosekana ni kadi ya kumbukumbu, ile inayochomekwa kwenye pedi kwa nyuma. Bila kadi hiyo Turok haikuwekei chochote. Unacheza, unafika ulikofika, ukizima mashine, au stima ikipotea, kesho unaanza mlangoni. Kwa hiyo levo ya kwanza mimi na kaka tuliijua jiwe kwa jiwe: wapi pana ngazi ya kupanda ukutani, wapi pana ufunguo uliofichwa, wapi anatokea raptor wa kwanza, yule dinosauri mla nyama anayekimbia kwa miguu miwili. Levo za mbele tulizisikia tu. Nilizifikia nikiwa mtu mzima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, yaani ukungu.

Nintendo 64 haikuwa na uwezo wa kuchora msitu mzima kwa mara moja. Kaseti nzima ya Turok ni megabaiti 8. Picha chache tu za hina ninazopiga kwa simu na kumtumia mteja zinapita hapo. Basi mafundi wa Iguana wakachora hatua chache tu mbele ya mchezaji, na zilizobaki wakazifunika kwa ukungu mweupe. Unatembea na dunia inazaliwa mbele yako: kwanza kivuli, halafu shina, halafu mti mzima. Nyuma yako inafutika. Wachezaji wengi walilalamikia ukungu huo wakati ule, na hata leo ukisoma habari za Turok utakuta umetajwa kama kasoro.

Mimi naona ukungu ule ndio gemu yenyewe.

Fikiria adui mwenye bunduki. Anakupiga akiwa mbali, nawe unajificha nyuma ya ukuta, unachungulia, unampiga, unarudi. Gemu nyingi za vita zinakwenda hivyo, na baada ya saa moja mkono unafanya kazi wenyewe huku akili iko kwingine. Raptor hana bunduki. Ana miguu, kucha na meno. Hatari yake yote iko katika umbali uliopo kati yenu. Akiwa mbali hana la kukufanya, akikufikia umekwisha. Kwa hiyo ukipambana na dinosauri swali ni moja tu: yuko umbali gani? Na ukungu umekunyang'anya jibu. Anapotokeza tayari yuko mbioni, na wewe una muda wa kupiga mara moja, labda mbili.

Macho yakishindwa yanabaki masikio. Turok imejaa sauti. Kuna ngoma zinazokwenda chini kwa chini, kuna ndege, kuna wadudu. Ukikaa kimya bila kugusa pedi unaanza kutenganisha: hii ni ngoma, huyu ni ndege, na kile kilio chembamba kinachokatika ghafla ni raptor. Kwenye tivii yetu ya kichogo, iliyokuwa na spika moja, sikuweza kujua yuko kushoto au kulia. Nilijua tu kama sauti imekua. Nilikuwa natembea hatua mbili, nasimama, nasikiliza, natembea tena. Sijapata gemu nyingine iliyonifundisha kusimama.

Na huo msitu haukuwa mgeni kwangu. Mtu wa Malindi amepelekwa Gede na shule angalau mara moja. Ingia pale asubuhi kabla ya wageni: kuta za matumbawe zimebanwa na mizizi, njia inapinda, huoni kilicho nyuma ya ukuta wa pili. Juu kuna kima wanarukaruka, na wako hondohondo, ambao sauti yao ukiisikia bila kujua ni ya nini unasimama nywele zikikusisimka. Levo ya kwanza ya Turok ni magofu ndani ya msitu. Nilipokwenda Gede tena nikiwa mkubwa nilijikuta natembea kwa namna ileile, nikisikiliza kabla ya kupinda kona. Tena hondohondo ana haki ya kuogopwa namna hiyo, kwa sababu ndege wote ni kizazi cha dinosauri. Wale wengine walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ukoo wa ndege ukabaki.

Upinde nao una maneno yake. Bunduki za Turok ni nyingi na nyingine zinaleta moto wa kutisha, lakini mimi hurudi kwenye upinde kila mara. Ukibonyeza na kuachia haraka, mshale unakwenda dhaifu. Ukishikilia, kamba inavutika, mshale unatoka na nguvu kamili. Kushikilia huko, huku mnyama anakuja, ndiyo kazi. Mimi kazi yangu ni hina na piko, na ninaposhika pedi kidole gumba kinafanya kile kinachofanya kwenye koni ya hina: ukiminya kwa pupa mstari unavimba, ukilegea unakatika, lazima pumzi na kidole viende pamoja. Sijui kama mtu asiyeshika koni anaweza kuuelewa upinde wa Turok haraka kama nilivyouelewa mimi.

Miaka ikapita. Kaka akaenda Doha kufanya kazi, akarudi likizo na PS4, akaiacha nyumbani akisema atanunua nyingine huko. Studio moja ya Marekani, Nightdive Studios, ilikuwa imeichukua Turok ya kale na kuisafisha: kwanza kwa kompyuta mwaka 2015, halafu Xbox One mwaka 2018, Switch mwaka 2019, na PS4 mwaka 2021. Niliinunua siku hiyohiyo nilipoiona dukani kwenye skrini, nikaipakua usiku kucha kwa bando.

Picha ni safi, inakwenda laini, na inahifadhi ulipofika. Pedi nayo ni afueni kubwa. Kwenye Nintendo 64 ulitembea kwa vitufe vinne vya njano vya kidole cha kulia na kutazama kwa kijiti cha katikati, mpangilio uliokuwa kinyume kabisa na wa leo. Kwenye PS4 kijiti cha kushoto ni miguu, cha kulia ni macho, kama gemu zote za sasa. Nikichomeka spika za masikio kwenye pedi nasikia kushoto na kulia, na kwa hilo peke yake nawashukuru sana Nightdive.

Ila ukungu wameusogeza mbali. Unapanda juu ya jiwe na bonde lote linaonekana, miti hadi ng'ambo, maporomoko ya maji, na raptor wawili wanazunguka chini hawana habari. Inapendeza. Nilikaa kuitazama kwa furaha ya kweli, maana sikuwahi kujua kwamba nyuma ya weupe ule kulikuwa na bonde. Lakini raptor ninayemwona akiwa chini bondeni amekuwa shabaha. Namlenga, nampiga, naendelea. Woga umepungua nusu.

Nikiwa mwadilifu, kuna mahali ukungu wa zamani ulikuwa dhuluma. Turok ina kuruka kwingi kutoka nguzo hadi nguzo juu ya shimo lisilo na mwisho, na ukikosea umekufa. Kuruka bila kuona pa kutua si woga, ni bahati nasibu. Iko levo ya kijiji kilichojengwa juu ya miti, ambayo kwenye PS4 nimeipita vizuri kwa sababu niliona tawi linalofuata. Kwa hiyo ningekuwa mimi fundi, ningeuondoa ukungu kwenye nguzo na kuurudisha msituni.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wateja. Nafanyia hina sebuleni, na tivii iko hapohapo. Bi harusi akishapakwa mikono na miguu lazima akae mpaka ikauke. Hawezi kushika simu, hawezi kujikuna, chai ananyweshwa na shangazi yake. Zamani walitazama tamthilia. Jioni moja mmoja alisema amechoka na tamthilia, akaniuliza kile kitu chenye mishale ni nini. Nikanawa, nikawasha, nikacheza mbele yao.

Tangu siku hiyo imekuwa desturi. Kina mama wanaokuja kumsindikiza bi harusi wanakaa kwenye mkeka, na kwa kuwa wengi wao mikono ina hina mbichi hawawezi kuishika pedi, basi wanacheza kwa mdomo.

“Yuaja huyo, yuaja! Kushoto kwako!”

“Si kushoto, dada, sauti yatoka nyuma.”

“Ngojeni, kimya, tusikilize.”

Sebule nzima inanyamaza. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamekaa mikono imetandazwa juu ya magoti, wanasikiliza kilio cha raptor. Na wanasikia vizuri kuliko mimi. Yuko mama mmoja wa Shela yetu ya hapa Malindi ambaye alimtambua mnyama kabla yangu kila alipotokea. Aliniambia amelea kuku na bata maisha yake yote na anajua ndege akilia kwa hasira. Sikuwa nimemwambia kitu chochote kuhusu ukoo wa ndege.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka, ndiye aliyeanza maswali ya kweli. Ana umri wa kusoma kila kitu kilichoandikwa juu ya wanyama. “Shangazi, raptor hawakuwa wakubwa hivyo.” Kweli. Velociraptor, aliyechimbwa Mongolia, alikuwa na urefu wa mita 2 hivi pamoja na mkia, kimo chake kikikufika nyongani, na mwaka 2007 wanasayansi walieleza alama kwenye mfupa wa mkono wake zinazoonyesha alikuwa na manyoya. Wa kwenye gemu wana kimo cha mtu, na ngozi tupu. Halafu lipo lile dude la kuelekea mwisho, Tyrannosaurus aliyefungwa vyuma na anayetema moto, ambalo huwa napigana nalo nikiwa nimesimama, siwezi kukaa. Huyo moto hakuwa nao, lakini ukubwa alikuwa nao.

Halafu akauliza kama dinosauri waliishi hapa kwetu.

Kwenye jiwe la Malindi huwapati. Hili tunalojengea nyumba ni matumbawe, mifupa ya bahari, na ni changa mno. Lakini teremka pwani hiihii, vuka mpaka, pita Dar es Salaam hadi Lindi. Huko bara kidogo kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua hapo zaidi ya tani 200 za mifupa. Walioshika majembe ni wenyeji, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 na nchi ile ilikuwa imeachwa na njaa. Mifupa ilifungwa, ikabebwa kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa dinosauri hao, Giraffatitan, yuko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Berlin, alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13.

Nilipomsomea mpwa habari hizi alikuwa ameshika pedi, akaiweka chini. Alitaka kujua kama wabebaji walikuwa wanaongea Kiswahili. Nikamwambia huko kusini wana lugha zao pia, lakini ndiyo, Kiswahili kilikuwepo kambini. Akataka kujua kwa nini basi hakuna gemu yao. Sikuwa na jibu la kumpa, na bado linanikera. Tyrannosaurus aliishi karibu na mwisho, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Wa Tendaguru ni wa miaka milioni 150 hivi. Yaani Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na sisi tunaocheza kuliko alivyo karibu na Giraffatitan. Gemu zinawarudia walewale watatu wanne wa Amerika na Mongolia, na hawa wa Lindi, waliochimbwa kwa jasho la watu wetu, sijaona wakipewa hata levo moja.

Niliwahi pia kucheza Turok ya 2008, kwenye PS3 ya rafiki wa kaka. Ni hadithi nyingine, wanajeshi wameanguka kwenye sayari ngeni, na ina jambo moja zuri kupita kiasi: dinosauri hawana upande. Unarusha mwali wa moto karibu na maadui, raptor wanaufuata, na kazi yako wanaimaliza wao. Mengine yote ni vita vya bunduki kama vingine.

Basi nikiwaza gemu ninayoitaka, naitaka ya Tendaguru, na nataka mbinu ile ya 2008 iwemo, na ukungu wa 1997. Nataka Kentrosaurus, mnyama wa mita 4 na ushei mwenye miiba mgongoni hadi mkiani, ambaye hakufuati ila ukimkaribia vibaya anakupiga na mkia. Nataka Giraffatitan apite bila kukujali, na wewe kazi yako iwe kutokanyagwa. Wa ukoo wa wala nyama nao walikuwepo Tendaguru, mmoja akiitwa Elaphrosaurus, mwembamba mwenye miguu ya mbio. Upinde utamtosha.

Na zaidi ya yote, Tendaguru ya zama zile ilikuwa pwani. Wanasayansi wanaisoma kwenye mawe yake: maziwa ya maji ya bahari, tambarare za matope zinazofunikwa na kuachwa na maji, msitu wa misonobari kwa ndani. Mpwa wangu na mimi tumeshachora ramani yake kwenye daftari la hina. Maji yakipwa unaweza kuvuka kwenda kuokota mishale kwenye kisiwa, na wanyama nao wanashuka kula. Maji yakijaa njia inafungwa, na kilicho upande wako wa maji kinabaki na wewe. Siku za bamvua maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa kasi, kwa hiyo levo ngumu kabisa tumeiweka bamvua, usiku, bila ramani kwenye skrini, na wakati unaujua kwa sauti ya mawimbi peke yake.